Saa ya Jua na Saa ya Kengele

Miongoni mwa hazina ambazo lugha yetu ya Kiswahili imetuhifadhia ni namna yake ya kuhesabu wakati. Mataifa mengi huianza siku usiku wa manane, wakati watu wamelala na hapana aonaye siku ikibadilika. Sisi twahesabu kwa jua. Saa za mchana huanza jua lichomozapo, na za usiku huanza lichwapo. Tusemapo saa moja asubuhi, maana yake ya asili ni kwamba jua limekwisha kuwa nasi kwa muda wa saa nzima, umande umeanza kukauka na mtu aweza kuiona njia yake. Ndani ya hesabu hiyo mna fikira ya wazee wetu kwamba kazi ya mwanadamu na nuru ya mchana ni vitu viendavyo pamoja.

Tumeanza na jambo hili kwa sababu twataka kuzungumza juu ya shauri ambalo kwa nje laonekana dogo, nalo ni saa ambayo mtoto apaswa kufika shuleni. Katika miji mikubwa shauri hili limezuka kwa ajili ya foleni za magari. Watu wameuliza: je, kama shule zingefunguliwa kwa saa tofauti na ofisi, barabara zisingepumua asubuhi? Yamkini wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya wahandisi na askari wa usalama barabarani, wala haiwahusu waandishi wa habari za utamaduni. Sisi twaona kinyume. Saa ambayo taifa humwamsha mtoto wake ni sehemu ya malezi, na malezi ndiyo mzizi wa utamaduni. Rai hii hatukuipata mjini. Tuliipata Nyololo, na ni haki tuanzie huko.

Nyololo iko katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, kati ya Mafinga na Makambako, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hadi mpakani Tunduma. Hapo huchepuka njia iendayo Igowole na Mgololo, kwenye mashamba ya chai, misitu ya kupandwa na kiwanda cha karatasi. Kimoja cha vijiji vyake huitwa Nyololo Njiapanda, na kingine huitwa Nyololo Shuleni. Aliyevipa majina hayo hakukusudia kutunga fumbo, lakini sisi kila tukiyatamka twaona kama yamebeba habari yote tunayotaka kuisimulia. Upande huu njia, upande ule shule. Na katikati yake mtoto anatembea kwa miguu.

Tulipokuwa wadogo lami ya barabara hiyo ilikuwa bado mpya. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, nchi ya Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufikia bahari, na njia hiyo ikapita mbele ya nyumba zetu. Kwanza malori yalipita katika matope na vumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakapita juu ya lami. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976, nayo pia ikapita Makambako, lakini malori hayakupungua. Sisi watoto tuliipenda barabara ile. Jioni ilikuwa na joto lililobaki la mchana, nasi tulikanyaga lami kwa nyayo tupu kama watu waotao moto.

Asubuhi hali ilikuwa nyingine. Msomaji ambaye hajalala Mufindi katika mwezi wa Juni au Julai yafaa aelezwe kwamba baridi ya huko si ya kutaniwa. Mabondeni majani huamka yamevaa sakitu nyeupe, na ukungu huja juu ya barabara ukatanda hata mtu asimwone ng'ombe aliye hatua kumi mbele yake. Mtoto asiye na viatu, akitembea pembeni mwa barabara kama alivyofundishwa, nyayo zake huungua kwa baridi ya majani. Basi hufanya nini? Huyaacha majani akapanda juu ya lami. Mtu mzima apitaye katika gari humwona mtoto huyo kuwa ni mtundu asiyesikia. Lakini si utundu. Ni miguu inayotafuta mahali pakavu.

Shuleni kwetu masomo yalianza saa 2. Hata hivyo, hapana mtoto aliyethubutu kufika saa 2. Kengele ya kwanza, ambayo ilikuwa ni rimu la lori lililotundikwa mtini, iligongwa kabla ya saa 1. Kwanza palikuwa na namba: aliyefika wa kwanza alipewa namba moja, wa pili mbili, na kuendelea, na wale wa mwisho walijua yaliyowangoja. Kisha mchakamchaka, tukikimbia na kuimba mpaka jasho litoke. Kisha kufagia na kumwagilia bustani. Kisha mstarini kukaguliwa kucha na nywele. Hatutaki kusema uongo juu ya mambo hayo. Tuliyapenda. Zilikuwa ni siku ambazo Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikuwa bado mpya vinywani mwa walimu wetu, nasi tulipokimbia katika ukungu tukiitikia nyimbo tulijiona kuwa tunalijenga taifa kwa visigino vyetu. Mpaka leo, tukisikia watoto wakiimba mchakamchaka alfajiri, damu hutuchemka.

Mwezi wa Julai, tulipokuwa darasa la nne, mwenzetu mmoja aligongwa na lori. Tulikuwa wanne. Watatu tulitangulia mbio, kwa kuwa kila mmoja alitaka namba ndogo. Yeye alikuwa amechelewa kidogo nyumbani, akawa anatufuata akituita tumngoje. Hatukumngoja. Tulisikia breki, kisha kimya. Dereva alishuka, akambeba mwenyewe, akamweka mbele ya gari lake na kugeuza kuelekea hospitali, lakini mtoto hakufika. Hatukumbuki kwamba mtu yeyote alimlaumu dereva sana, wala hatukumbuki kwamba mtu yeyote aliuliza mtoto wa miaka kumi alikuwa akikimbilia nini juu ya lami wakati jua lilikuwa bado halijatoka. Baada ya mazishi kengele iligongwa saa ile ile. Sisi tulipata namba tatu.

Baadaye masomo na kazi vilituchukua, tukakaa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka thelathini. Huko tuliona jinsi mji unavyojifunga wenyewe. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, lilianzishwa mwaka 1974, lakini mabasi yake hayakutosha. Watu wakapanda magari ya chai maharage yaliyokuwa yakijificha na askari, mpaka mwaka 1983 serikali ilipowaruhusu watu binafsi kubeba abiria, na daladala zikazaliwa. Kila aliyeishi huko ameona mwanafunzi akisukumwa mlangoni na kondakta kwa kuwa nauli yake ni ndogo, au akisimama akiwa amekumbatia begi wakati kiti ki wazi, akingoja kwanza watu wazima wajae. Mwaka 2016 yalianza mabasi yaendayo haraka katika Barabara ya Morogoro, na barabara za juu zikafunguliwa Tazara mwaka 2018 na Ubungo mwaka 2021. Hizo ni kazi kubwa, nasi tunazisifu. Lakini foleni ya asubuhi haikutoweka, kwa kuwa sababu yake moja haikuwa upana wa barabara. Ilikuwa ni saa.

Tufafanue. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi. Shule huwataka watoto karibu na wakati huo huo. Maduka na viwanda navyo havichelewi sana. Kwa hiyo mamia ya maelfu ya watu huamriwa kupita katika mlango mmoja kwa dakika zile zile. Mzazi mwenye akili huamua kumtoa mwanawe nyumbani mapema ili aikwepe foleni. Jirani yake naye, kwa kuwa hana akili pungufu, huamua hivyo hivyo. Baada ya mwaka mmoja wote wako barabarani saa 12, na foleni imewasubiri pale pale. Wakaondoka saa 11:30. Foleni haikupungua, iliamka mapema tu, pamoja na watu wake. Na katika mashindano hayo ya watu wazima, aliyeshindwa daima ni yule asiyekuwa na sauti ya kukataa kuamshwa.

Mjukuu wetu alikuwa mmoja wao. Alipokuwa na miaka saba alikuwa akiamshwa saa 10:30 alfajiri, gari la shule likimchukua saa 11:15, kwa sababu alikuwa wa kwanza katika mzunguko wa gari lile na wa mwisho kurudishwa jioni. Tulimvika sare akiwa amelala. Mara nyingi mwenzetu wa nyumbani alimnywesha uji akiwa amefumba macho, kama tunavyomnywesha mgonjwa. Siku moja tulimwuliza anapenda nini zaidi shuleni, tukitarajia atataja hesabu au michezo. Akajibu kwamba anapenda ijumaa, kwa sababu kesho yake ni siku ya kulala. Mtoto wa miaka saba alikuwa akiitamani siku ya mapumziko kama mzee anayehesabu miezi ya kustaafu.

Tulipostaafu sisi wenyewe tukarudi Nyololo, naye akaja kukaa nasi na kuandikishwa katika shule ya jirani. Tulidhani tumemwokoa. Tulikuwa tumesahau kengele ya rimu. Asubuhi ya kwanza ya mwezi wa Julai, tukimsindikiza katika giza kwa tochi, alituuliza: "Babu, kwani huku jua nalo linachelewa?"

Tulicheka, kisha tukaona kwamba swali lake lilikuwa na haki ya kujibiwa. Jua la Nyololo linachelewa kweli, kwa hesabu ya saa zetu. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa kufuata mstari wa longitudo wa digrii 45, unaopita karibu na Mogadishu, wala haugusi hata kipande kimoja cha nchi yetu. Kadiri mtu aendavyo magharibi, jua humfikia baadaye kwa dakika 4 kwa kila digrii. Kati ya Dar es Salaam na Nyololo mna digrii 4 hivi, yaani robo saa na zaidi. Katika mwezi wa Julai jua huchomoza Dar es Salaam baada ya saa 12:30. Nyololo huchomoza karibu na saa 1 kamili, na Kigoma robo saa hivi baada yetu. Mwezi wa Novemba, kwa upande mwingine, jua la Nyololo hutoka mapema kwa robo tatu ya saa kuliko mwezi wa Julai. Lakini kengele ni ile ile, mwezi kwa mwezi, kutoka Tanga mpaka Kigoma. Hivyo tunaposema kwamba mtoto wa Nyololo afike saa 1 asubuhi, tunatumia maneno ya wazee kwa maana iliyopotea. Saa moja ya wazee ilikuwa saa nzima baada ya jua. Saa moja ya kengele ni jua likiwa bado liko chini ya vilima.

Pamoja na hayo, barabara yenyewe imebadilika. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya mbali yalikuwa yamekatazwa kusafiri usiku. Katazo hilo lilikuwa na sababu zake, lakini lilizaa jambo ambalo halikutakiwa: mabasi yote yalitoka katika vituo saa moja, alfajiri, yakafukuzana njiani kama watoto wanaogombea namba. Mwaka 2023 katazo liliondolewa, na mabasi yakatawanyika katika saa zote ishirini na nne. Mashindano ya alfajiri yakapungua vituoni. Lakini kwa kijiji kilicho njiani maana yake ni kwamba basi laweza kupita saa yoyote, pamoja na malori ya Zambia na Kongo yasiyolala, na malori ya mbao yatokayo njia ya Mgololo, na pikipiki zinazowapeleka watu kazini. Katika giza la saa 12:30 vyote hivyo hukutana pale njiapanda, na watoto wako juu ya lami kwa sababu majani yana sakitu. Twaweza kusema kwamba Nyololo nayo ina foleni yake ya asubuhi. Tofauti ni kwamba foleni ya mjini hula wakati wa watu, na ya kwetu yaweza kula watu.

Basi katika mkutano wa wazazi tulisimama tukatoa hoja. Hatukuomba masomo yacheleweshwe, kwa kuwa ratiba ya masomo si mali ya kijiji, na tena haikuwa na kosa: masomo yalikuwa yakianza saa 2, kama zamani. Tuliomba tu kwamba katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mtoto asitakiwe kufika kabla ya saa 1:30, na kwamba usafi ufanywe mchana baada ya masomo. Tulieleza habari ya jua. Tulieleza pia habari ya mwenzetu wa darasa la nne.

Aliyetupinga kwa nguvu zaidi alikuwa mdogo wake marehemu, ambaye sasa ni babu kama sisi. Aliinuka taratibu, akamsalimu mwenyekiti, akatugeukia. "Ndugu yangu," alisema, "kaka yangu hakuuawa na kengele. Aliuawa na lori. Mimi nilikimbia njia ile ile miaka saba baada yake, na kengele ile ndiyo iliyonifanya mtu. Leo mnataka kuwafundisha watoto kwamba baridi ikija mtu hujifunika. Ukishamfundisha mtoto hivyo akiwa mdogo, ukubwani utamwamsha kwa nini?"

Watu walipiga makofi, na kusema kweli nasi tulikaribia kupiga. Samaki hukunjwa angali mbichi. Hayo si maneno ya kupuuzwa. Tuliketi bila jibu. Jibu lilitolewa na mama mmoja mchuma chai, ambaye huondoka kwake gizani ili awahi gari la kazini. Hakuzungumza juu ya jua wala juu ya taifa. Alisema kwamba yeye hutoka nyumbani kabla ya mwanawe, na kila siku humwacha peke yake gizani ajisimamie mwenyewe kwenda barabarani. Kwamba yeye hapingi mtoto kuzoea taabu, kwa kuwa taabu ipo ya kutosha. Lakini kufagia uwanja gizani hakumfundishi mtoto kitu ambacho kufagia saa 9 mchana hakuwezi kumfundisha. Kisha akauliza: "Au kuna takataka zinazoonekana usiku tu?"

Mkutano ulicheka, na katika kicheko kile shauri lilipita, ingawa si lote. Mwalimu wa zamu alidai mchakamchaka ubaki, nasi tulikuwa wa kwanza kumwunga mkono. Ukahamishiwa alasiri siku mbili kwa juma. Yule ndugu wa marehemu alikataa kusema kwamba ameshawishika. Alisema tu kwamba kama saa imebadilishwa, basi na namba iondolewe, maana mtoto atakimbilia namba hata ukimwita saa 4. Hakuna aliyekuwa amelifikiri jambo hilo. Namba ikaondolewa. Twaamini kwamba katika yote yaliyoamuliwa siku ile, hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote, na lilitoka kwa mpinzani wetu.

Hatudai kwamba tumeushinda ukungu. Ziko siku za Julai ambazo hata saa 2 ukungu haujainuka. Juma la kwanza madarasa yalikuwa machafu, na wazazi wawili walilalamika kwamba watoto wanachelewa kurudi kuchunga. Lakini sasa dereva atokaye Makambako akifika njiapanda humwona mtoto, na mtoto humwona dereva. Majani yakiwa yamepata jua kidogo, sakitu huyeyuka, na miguu hukubali kutembea pembeni. Haya ni mambo ya dakika arobaini tu.

Je, mji mkubwa waweza kujifunza kutokana na kijiji? Tukitazama majirani, twaona kwamba jambo hili si ndoto. Nchini Kenya, kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zimeweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa 2 asubuhi na saa 9:30 alasiri, ingawa kuweka kanuni ni jambo moja na kuifuata ni jambo jingine. Rwanda ilikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2023 shule huanza saa 2:30 na kazi za ofisi huanza saa 3, uamuzi uliofikiwa kwa kuyafikiri masomo na maisha ya familia. Tukumbuke tena kwamba Kigali na Kigoma ziko karibu katika longitudo moja, lakini saa ya Kigali iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Kengele igongwapo saa 2:30 Kigali, saa ya Kigoma ni 3:30.

Hata mbali zaidi mifano ipo. Mwaka 1918, homa kuu ya mafua ilipoingia New York, wakuu wa afya wa mji huo walizipanga ofisi, maduka na viwanda vifunguliwe kwa saa mbalimbali ili watu wasisongamane katika magari ya moshi ya chini ya ardhi. Nchini Korea ya Kusini, siku ya mtihani mkuu wa kuingia vyuo vikuu, ofisi nyingi hufunguliwa saa moja baadaye kuliko kawaida ili watahiniwa wapate njia nyeupe. Mfano huu wa mwisho umetugusa moyo. Huko, walau kwa siku moja katika mwaka, ni watu wazima wanaompisha mtoto. Kwetu sisi, kila siku ya mwaka, ni mtoto aampishaye mtu mzima kwa kuamka kabla yake.

Hatupuuzi ugumu wa jambo hili mjini. Kama shule zitafunguliwa baada ya ofisi, mzazi ampelekaye mtoto akiwa njiani kwenda kazini atamwacha na nani? Kusogeza saa ya shule peke yake kwaweza kuwa ni kuhamisha mzigo kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Hapana budi ofisi nazo zigawane saa: hizi zianze mapema, hizi zichelewe. Tena hapana budi tujiulize kwa nini mtoto wa Mbagala asomeshwe Tegeta na wa Tegeta asomeshwe Mbagala, wakipishana katika magari wote wawili wamelala. Shule nzuri iliyo karibu na nyumba ni dawa ya foleni kuliko barabara ya juu. Lakini mashauri hayo makubwa yasitufanye tungoje. Jambo la kwanza ni dogo, na kila kamati ya shule yaweza kulifanya bila ya kumngoja mtu: kutazama ni mambo gani tumeyapanga kabla ya somo la kwanza, na kuuliza ni lipi kati ya hayo lisiloweza kufanyika mchana.

Ndugu msomaji, taifa hujulikana kwa vitu linavyovihifadhi. Tumehifadhi ngoma, tumehifadhi methali, tumehifadhi na saa yetu ianzayo na jua, ambayo wageni huistaajabia. Ingekuwa ajabu kubwa kama tungeyahifadhi maneno ya saa hiyo na kuitupa maana yake.

Mjukuu wetu sasa hutoka nyumbani bila tochi. Sisi humsindikiza mpaka njiapanda, tukasimama pembeni kwenye majani, mpaka avuke. Upande wa pili wenzake huwa wanamngoja. Hawana sababu ya kumtangulia.